Umeshinda kesi ya madai madogo lakini hulipwi? Hivi ndivyo hukumu inavyokaziwa Uganda

Haipiti wiki bila mtu kuingia dukani kwangu hapa Busia na karatasi ya korti iliyokunjwa mara nne ndani ya kavera, mfuko wa plastiki. Anaifungua juu ya kaunta, ananionyesha muhuri, kisha linakuja swali: "Mzee, hakimu alisema nilipwe. Mwezi wa tano huu. Pesa iko wapi?" Leo ni mama wa mahindi aliyemkopesha mchuuzi magunia, kesho ni mwenye nyumba ambaye mpangaji wake alihama usiku na godoro kichwani. Mimi si wakili. Nauza vifaa vya ujenzi, na njia hii nimeipita mara mbili kwa madeni yangu mwenyewe. Mara ya kwanza niliharibu karibu kila kitu. Nimechoka kurudia maneno yale yale, basi nayaandika.

Haya ni ya mtu aliyeshinda chini ya Kanuni za Madai Madogo za mwaka 2011: deni, kodi ya nyumba au bidhaa ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 10, kesi ambayo kila mtu hujisemea bila wakili. Kama hujafungua kesi bado, soma hatua ya 2 kwanza, halafu ndiyo uamue kama inafaa kwenda kortini.

Dawa ya deni ni kulipa, sawa, lakini wapo wagonjwa wasiomeza dawa mpaka washikwe taya. Korti haikushikii taya bila kuombwa. Hakimu akishasema fulani anadaiwa kiasi gani, kazi yake imekwisha hadi wewe urudi na kuomba hukumu ikaziwe, yaani itekelezwe kwa nguvu ya korti. Hakuna karani atakayempigia mdaiwa simu kwa niaba yako. Watu wengi wanaokuja kwangu wamekaa miezi wakisubiri kitu ambacho hakiwezi kuanza bila wao.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala ya hukumu au dikrii (karatasi ya korti inayosema nani amlipe nani kiasi gani) yenye muhuri wa korti na sahihi ya hakimu. Picha kwenye simu haitoshi.
- Nambari kamili ya kesi. Iandike pia mahali pengine, kwa sababu karatasi hupotea.
- Majina ya mdaiwa kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Ukishitaki "Baba Sharifa" au "Mzee wa Simenti", siku ya kukamata mali atatoa kitambulisho na kusema huyo mtu hamjui.
- Hesabu ya kila shilingi aliyolipa tangu siku ya hukumu, pamoja na tarehe. Pesa za simu zina ujumbe, usifute.
- Fedha za kuanzia: ada ya korti, nauli, na gharama za dalali wa mahakama, mtu mwenye leseni ya kukamata na kuuza mali kwa amri ya korti. Kwa kawaida hizi hurudi juu ya mdaiwa, ila wewe ndiye unayezitoa kwanza.
- Mtu anayesoma Kiingereza vizuri na unayemwamini. Fomu zote ni za Kiingereza. Mtoto wako wa sekondari ni bora kuliko yule bwana wa tai anayezunguka getini na kalamu tatu mfukoni.

HATUA YA 1: Mpe nafasi ya mwisho, kwa maandishi

Soma hukumu uone kama hakimu alitaja tarehe ya kulipa au alipanga malipo ya awamu. Kama tarehe haijafika, tulia. Ikipita, mwandikie barua fupi:

"Kwako ndugu (majina kamili). Katika kesi nambari (…), korti iliamuru tarehe (…) unilipe shilingi 3,200,000. Mpaka leo umelipa 400,000. Zimebaki 2,800,000. Usipolipa au kuja tuzungumze kabla ya tarehe (…), nitaomba korti ikazie hukumu, na gharama zitakuwa juu yako."

Basi. Usiongeze matusi wala vitisho, usitaje mke wake wala ukoo wake. Siku moja hakimu anaweza kuisoma barua hiyo. Mpelekee mbele ya shahidi na umwombe asaini nakala yako. Akikataa, pita kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji chake, umweleze, uombe agonge muhuri kwenye nakala. Barua hii si lazima kisheria, lakini huleta pesa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mdaiwa anaona kwamba hujasahau.

HATUA YA 2: Jua ana nini, na kama ni chake kweli

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Hatua nyingine ni karatasi na foleni.

Mara ya kwanza niliposhinda kesi, nilijua jamaa ana pikipiki. Kila asubuhi alipita nayo mbele ya duka langu akinipungia mkono. Nikalipa ada, nikatafuta dalali, pikipiki ikakamatwa. Siku ya tatu wakaja watu na karatasi zao: pikipiki ilikuwa ya mkopo, haijamalizwa kulipiwa, na kadi yake ya usajili haikuwa na jina la jamaa yule. Pikipiki ikaachiliwa. Mimi nikabaki na deni lile lile na gharama juu.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kortini, chukua daftari uandike:

Vyombo vya moto. Andika nambari ya bamba. Kumbukumbu za usajili wa magari na pikipiki ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Omba kuthibitishiwa mwenye chombo ni nani. Bodaboda hasa, chukulia ni ya mkopo au ya tajiri mwingine mpaka uone uthibitisho.

Rehani. Tangu sheria ya mwaka 2019 ya dhamana juu ya mali zinazohamishika, URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa kampuni na dhamana, wana rejista ambamo mkopeshaji huandikisha kwamba friji, mashine, gari au hata bidhaa za dukani zimewekwa dhamana. Tazama rejista hiyo kabla hujaipania mali ya mtu. Mkopeshaji aliyejiandikisha mapema atakuwa mbele yako kwenye foleni.

Bidhaa za biashara. Magunia ghalani, mabati, vitenge, kreti za soda. Hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote, maana zinauzika siku hiyo hiyo na mwenyewe anazihitaji ili aendelee na biashara. Mara nyingi mtu akiona hesabu ya magunia yake inaandikwa, pesa hupatikana kabla lori halijafika.

Mifugo. Ng'ombe na mbuzi wanafaa, lakini hakikisha si wa baba yake au wa kufugishwa. Mwenyekiti wa kijiji hujua ng'ombe wa nani ni nani.

Watu wanaomdai na watu anaowadai. Wote waandike. Wale anaowadai yeye ni dhahabu yako; nitaeleza kwenye hatua ya 4. Ana vyumba vya kupangisha? Waganda wanaita chumba kimoja muzigo, usichanganye na mzigo wa gunia. Wapangaji wa mizigo hiyo wanalipa kodi kila mwezi, na kodi hiyo inaweza kuelekezwa kwako. Analeta maharage shule ya binafsi inayomlipa mwisho wa muhula? Andika.

Ardhi. Kwa deni la milioni mbili tatu, kiwanja kiache. Kuna mke au mume ambaye ridhaa yake inahitajika, kuna ukoo, kuna hati ambayo haijulikani iko kwa nani. Utatumia zaidi ya unachodai.

Na kuna vitu ambavyo sheria imevilinda. Huwezi kukamata nguo zake za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na malazi yake na ya familia yake. Huwezi kuchukua zana za fundi: cherehani ya fundi nguo, msumeno na randa za seremala. Mkulima huachiwa jembe lake, pamoja na mbegu na ng'ombe ambao korti itaona anawahitaji ili aendelee kulima. Kuna mtu aliniambia, "Lakini cherehani ndiyo kitu pekee alichonacho." Basi kwa cherehani hulipwi. Atakulipa kwa awamu kutoka kwenye kile anachoshona.

HATUA YA 3: Kama hujui ana nini, mwite kortini aseme

Hatua hii ni wachache wanaoijua, na ni ya bei rahisi. Chini ya Amri ya 22 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai unaweza kuomba korti imwite mdaiwa aje aulizwe, kwa kiapo, ana mali gani, iko wapi, na nani wanamdai au anawadai. Kama ni kampuni, anaitwa ofisa wake. Korti inaweza pia kuamuru alete vitabu vyake vya hesabu.

Nenda na maswali yako yameandikwa. Usimuulize "Una pesa?" maana jibu unalijua. Muulize: Ghala lile karibu na kituo cha mafuta unalipia kodi wewe au nani? Mwezi uliopita ulimuuzia nani mahindi, na alikulipa kupitia wapi? Pikipiki nambari fulani kadi yake ina jina la nani? Mtu anayeongopa kwa kiapo mbele ya hakimu ana shida mpya kubwa kuliko deni lako, naye analijua hilo. Wengi hapa ndipo wanaanza kuzungumza habari ya awamu.

HATUA YA 4: Chagua njia moja

Njia ziko nne. Nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda mimi, si kwa jinsi zilivyo kwenye kitabu.

Awamu zilizoandikwa kortini. Kama ana kipato lakini hana mkupuo, kubalianeni kiasi na tarehe, kisha mpeleke makubaliano kwa hakimu yawe amri. Makubaliano ya mdomoni chini ya mwembe hayana meno. Hakikisha yamo maneno kwamba akiruka awamu moja, deni lote lililobaki linadaiwa mara moja.

Pesa iliyo kwa mtu wa tatu. Makarani wanaiita ganishii, kutokana na Amri ya 23. Kama mdaiwa wako anamdai mtu mwingine, korti inaweza kumzuia huyo asimlipe mdaiwa bali alete pesa hiyo kulipia deni lako. Inakuja kwa awamu mbili: kwanza amri ya muda inayofungia pesa na kumwita yule mtu wa tatu aje aseme kama kweli anadaiwa; asipokuwa na pingamizi, amri inakuwa kamili. Inafaa kwa akaunti ya benki, kodi ya wapangaji, na mnunuzi ambaye hajamaliza kulipa. Uzuri wake ni kwamba hakuna lori, hakuna mnada, wala hakuna kelele mtaani. Siri yake ni mwendo wa haraka, kwa sababu pesa ikishalipwa imekwenda.

Kukamata na kuuza mali. Ndiyo inayojulikana zaidi. Hatua ya 6 na ya 7 zinaihusu.

Gereza la madai. Kila mtu anaitaka hii kwanza. "Mzee, nataka alale ndani!" Sikiliza kwanza. Korti haimfungi mtu kwa sababu tu ni maskini. Humwita aje aonyeshe sababu kwa nini asifungwe, na hakimu hutazama kama hana au hataki. Wewe mdai ndiye unayetakiwa kuweka kortini pesa ya chakula chake kabla hajakamatwa. Ndiyo, unamlisha mdaiwa wako. Kifungo hakizidi miezi 6. Akitoka deni bado lipo, lakini kwa dikrii hiyo hiyo huwezi kumfunga tena. Kwa hiyo ni risasi moja. Itumie kwa mtu ambaye una ushahidi kwamba anazo na anazificha, si kwa mchuuzi aliyefilisika. Aliyeko ndani hafanyi biashara, na asipofanya biashara hana cha kukulipa.

HATUA YA 5: Peleka ombi la kukazia hukumu

Nenda masjala ya korti ile ile iliyotoa hukumu, uombe fomu ya kukazia hukumu. Inataka nambari ya kesi, majina ya pande zote mbili, tarehe ya hukumu, kama kuna rufaa au ombi lolote, kiasi kilicholipwa tayari, kiasi kilichobaki, gharama ulizopewa, na njia uliyochagua. Kama ni kukamata mali, ambatisha orodha: vitu gani, viko wapi, alama zake. "Mali zote za dukani" ni maneno dhaifu. "Magunia 40 ya mahindi kwenye ghala la mlango wa bluu nyuma ya soko" ni maneno yenye nguvu.

Utapewa nambari ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato), ile PRN, ulipe benki au kwa simu. Pesa ya korti haipiti mkononi mwa karani. Anayekuambia "nipe mimi nikulipie" mshukuru na uende benki. Weka risiti pamoja na dikrii.

Onyo kuhusu muda. Ukikaa zaidi ya mwaka 1 tangu hukumu bila kuomba, korti itamtumia kwanza mdaiwa notisi ya kuonyesha sababu kwa nini hukumu isikaziwe, kabla ya kutoa hati ya kuikazia. Maana yake anapata habari mapema, na mali ina miguu. Na ukipitisha miaka 12 haki yenyewe inakufa. Usingoje hata miezi 12. Mimi ningeomba wiki ile ile ambayo barua ya hatua ya 1 imeisha muda.

Onyo la pili: usiongeze hesabu. Kama hukumu haikutaja riba, usijipangie riba yako kwenye fomu. Kama alilipa 400,000, zitoe. Hesabu ya uongo ndiyo zawadi nzuri kuliko zote unayoweza kumpa mdaiwa, maana atakimbilia kwa hakimu kuomba zoezi lote lisimamishwe.

HATUA YA 6: Fanya kazi na dalali wa mahakama

Huyu ndiye Waganda wanamwita wannyondo, mtu wa nyundo. Lazima awe na leseni ya Mahakama inayohuishwa kila mwaka, na jina lake liwe kwenye hati ya kukamata mali. Omba kuiona leseni na usome tarehe. Wapo wanaotembea na leseni ya mwaka juzi, na wapo wanaotembea na fulana iliyoandikwa tu.

Kabla hajatoka, mwandikiane gharama zake: lori, vibarua, kuhifadhi mali. Mdai asiyeuliza hukuta gharama ya kuhifadhi imekula nusu ya mbuzi.

Siku yenyewe, dalali hupita kwanza kituo cha polisi cha eneo na kwa mwenyekiti wa LC1, aonyeshe hati. Polisi wapo kulinda amani. Hati ni ya dalali, si ya afande. Sheria hairuhusu kuingia nyumba ya mtu baada ya jua kuzama wala kabla halijachomoza. Mali ikichukuliwa, iandikwe kitu kimoja kimoja, isainiwe, na mdaiwa aachiwe nakala. Wewe piga picha, simama mbali, nyamaza. Nimeona mdai aliyeshinda kesi vizuri kabisa akaishia kushitakiwa yeye kwa sababu alimrukia mdaiwa kofi mbele ya mwenyekiti.

Hati ina tarehe ya kurudishwa kortini. Ikipita bila kazi kufanyika, dalali anairudisha na maelezo, na wewe unaomba nyingine. Kwa hiyo usimwache akae nayo mfukoni. Mpigie simu kila baada ya siku mbili tatu.

Usifanye hivi hata kwa hasira:
- Kwenda mwenyewe na vijana kuchukua friji. Hukumu yako haikupi mikono. Hiyo inaitwa wizi au uvamizi.
- Kupeleka hukumu polisi ili "wamkamate". Deni si kosa la jinai, na afande anayekubali kulikusanya anataka sehemu yake.
- Kufunga duka lake kwa kufuli lako.
- Kubandika picha yake kwenye magrupu ya WhatsApp na neno "tapeli".

HATUA YA 7: Mnada na pesa

Mali ikikamatwa, huwa inatangazwa kwanza kabla ya kuuzwa, na muda huo ndio mdaiwa mwenye akili hutafuta pesa. Akilipa deni na gharama, mali inarudi. Vitu vinavyooza, kama nyanya au samaki, haviwezi kungoja na vinauzwa mapema.

Wewe mdai huruhusiwi kununua kwenye mnada huo bila ruhusa ya korti. Kumtuma shemeji akununulie ni njia ya haraka ya kuufanya mnada wote ufutwe. Mauzo yakizidi deni na gharama, kinachobaki ni cha mdaiwa. Yakipungua, salio bado unalidai, na unaweza kuomba tena. Mtake dalali akupe hesabu ya maandishi: kiliuzwa nini, kwa bei gani, nani kanunua, alikata nini.

HATUA YA 8: Andikisha malipo kortini

Kila pesa utakayopokea nje ya korti, pelekeni taarifa kwenye faili. Malipo yasiyoandikishwa korti inaweza kutoyatambua, na hapo ndipo ugomvi mpya huzaliwa. Ukilipwa yote, andika hivyo na usaini. Nina jirani ambaye mdaiwa wake alimlipa shilingi ya mwisho, jirani akasahau kuandikisha, na baada ya miaka miwili mwana wa jirani huyo alikuta dikrii kabatini akataka kuanza upya. Aibu ile haikuwa ya korti.

Mambo yakikwama

"Mke wake (au kaka yake, au mkopeshaji) anasema mali ni yake." Ana haki ya kuweka pingamizi, na korti itaangalia nani alikuwa anaishikilia siku ya kukamatwa na kwa niaba ya nani. Lete ushahidi wako wa hatua ya 2. Kama kweli ni yake, iachilie mapema kabla gharama ya kuhifadhi haijapanda, utafute kingine.

"Kahamia Mbale." Omba korti yako ipeleke dikrii kwenye korti ya huko ili ikaziwe huko. Dalali hafanyi kazi nje ya maneno ya hati yake.

"Kavuka mpaka, yuko Kenya." Hili kwetu Busia ni la kila siku: mtu analala upande ule, anafanya biashara upande huu. Hati ya Uganda inaishia kwenye geti la forodha. Usimfuate yeye, fuata mali iliyobaki huku: ghala, mzigo uliopo njiani upande wetu, mnunuzi wa hapa ambaye bado hajamlipa. Watu wa mpakani hawawezi kuacha kuvuka.

"Amefariki." Pole kwa wafiwa, lakini deni halizikwi. Linahamia kwenye mirathi, na msimamizi wa mirathi anaweza kudaiwa mpaka kiasi cha mali ya marehemu iliyofika mikononi mwake, si kutoka mfukoni mwake. Ngoja msiba upite. Korti itampa notisi kwanza.

"Nilishitaki kampuni, mkurugenzi ana gari zuri." Gari la mkurugenzi si la kampuni. Tafuta URSB kampuni imeandikishwaje, kisha tafuta akaunti na wateja wa kampuni yenyewe. Kinyume chake pia: ukimshitaki mtu kwa jina lake, huwezi kubeba kompyuta za kampuni anayofanyia kazi.

"Anasema hakuwahi kupata samansi (wito wa korti), hukumu ilitolewa hayupo." Ataomba ifutwe. Jibu lako ni kiapo cha aliyempelekea samansi, chenye tarehe, mahali na shahidi. Kama kiapo hicho hakimo kwenye faili, kitafute leo.

"Korti imesimamisha utekelezaji." Soma amri hadi mwisho. Mara nyingi ni ya muda au ina sharti, kama kuweka sehemu ya pesa kortini. Sharti lisipotimizwa, rudi kwa hakimu umwambie.

"Dalali kauza na hapokei simu." Andika barua kwa hakimu aliyetoa hati, na nakala kwa ofisi ya Msajili wa Mahakama, uambatishe hati na orodha ya mali iliyosainiwa. Dalali anawajibika kwa korti, na leseni yake ndiyo ugali wake. Simu huwa inapokelewa.

"Karani anasema faili halionekani." Rudi kesho asubuhi, mapema, na nakala zako zote. Likikosekana tena, omba kumwona hakimu mfawidhi, umweleze kwa adabu lini uliliona mara ya mwisho na nambari yake. Usitoe "pesa ya chai" faili litafutwe. Ukiitoa mara moja, faili hilo litapotea kila mwezi.